Waandishi wa redio mikoani, mnalipwa kwa stori au kwa mwezi?

Kipaza_Songea: Habari zenu wakuu. Nina stashahada ya uandishi wa habari, niko redio moja hapa Songea. Naingia zamu saa kumi na moja alfajiri, naandaa taarifa ya saa moja, naisoma mwenyewe, halafu natoka na kinasa sauti kusaka habari za mchana. Nalipwa 5,000 kwa stori iliyorushwa. Mhariri akiitupa silipwi kitu, hata kama bodaboda ya Peramiho nimelipa mwenyewe. Mkataba sina, NSSF sina. Nikiuliza naambiwa matangazo yamepungua, vumilia. Wenzangu wa vipindi vya burudani wana mshahara kwa kuwa wana wadhamini. Ndivyo ilivyo kote siku hizi? Nidai vipi bila kufukuzwa?

MhaririMstaafu: Pole sana mdogo wangu. Amri ya mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha utangazaji 150,000. Ile iliyoanza Januari 2023 ikapandisha hadi 225,000, wakati wenzetu wa kampuni za simu waliwekewa 500,000. Kwa malipo yako, unahitaji stori 45 zilizorushwa kila mwezi ndipo ufikie hiyo 225,000, na nauli hujatoa.

Matangazo yamehamia mitandaoni, ni kweli. Lakini mbona panga linaanzia dawati la habari kila mara? Mwandishi asiye na mshahara huishi kwa bahasha za semina, yaani fedha anazopewa na waandaaji, na mwenye bahasha ndiye anayeamua wasikilizaji wa Songea wasikie nini saa moja asubuhi. Hilo linaniuma kuliko yote.

Usikubali kuitwa "wa kujitegemea". Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia kuwa mwajiriwa mtu anayepangiwa saa za kazi, au anayepewa vitendea kazi na huyo anayemfanyia kazi. Zamu wanakupangia wao. Kinasa sauti ni cha nani?

Kipaza_Songea: Cha redio, kaka. Ratiba ya zamu yenye jina langu iko ukutani studio.

MhaririMstaafu: Ipige picha, kila wiki. Tunza na meseji zote za malipo ya simu.

DadaWaZamu: Kwetu Arusha tulikwenda kwa meneja wote wa dawati la habari kwa pamoja, na barua moja. Alinung'unika, ila mikataba ya mwaka mmoja tukapata. Usiende peke yako, mdogo wangu, ukienda peke yako kesho zamu yako anapewa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Angalieni pia amri mpya ya Januari 2026: wastani wa kima cha chini sekta binafsi umetoka 275,060 hadi 358,322.

MhaririMstaafu: Wakikataa, nendeni CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Madai ya malipo yafunguliwe ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu, usizipoteze kwa kubembelezana.

Kipaza_Songea: Tuko watatu dawati la habari. Naongea nao leo zamu ikiisha.