Fort Jesus haikuangushwa na bunduki, acheni kupotosha watu!

Wakuu, imetosha. Kila ukifunguliwa uzi wa vita vya karne ya 16 na 17, anaibuka mtu na jibu lile lile: "mwenye bunduki alishinda." Mnadhani bunduki ya utambi ni AK-47?

Unamimina baruti mtutuni, unatia risasi ya duara, unashindilia kwa mdeki, unaweka baruti laini kwenye kibakuli cha pembeni, unapuliza utambi uwe kaa jekundu, ndipo unalenga. Aliyefunzwa vizuri hupiga mara moja hivi kwa dakika. Kumpata mtu mmoja aliye zaidi ya mita 100 ni kubahatisha. Mvua ikinyesha utambi unazima, na shura (chumvi inayotengenezea baruti) isiyosafishwa vizuri hunyonya unyevu, baruti ikagoma kushika moto. Ndiyo maana kwenye vita vya Nagashino, Japani, 1575, wapiga bunduki waliwekwa nyuma ya uzio wa miti. Bila uzio, farasi wangewafikia wakiwa bado wanashindilia.

Sasa njooni Mombasa. Waomani waliizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno, Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698. Miezi 33! Kama mizinga ndiyo iliyoamua, ilikuwa inafanya nini muda wote huo? Ngome hiyo, iliyochorwa na Mwitaliano Cairati na kuanza kujengwa 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na pembe zake zimetokeza nje ili anayeusogelea ukuta apigwe kutoka ubavuni. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa. Meli za msaada zilitegemea kaskazi na kusi. Msimu ukipita, mnasubiri miezi huku watu wanazikwa. Mwaka 1697 maafisa wa Kireno walikwisha kufa, na aliyeshika amri humo ndani ni Bwana Daud wa Faza. Mswahili, na watu wake! Huyu hamumtaji kabisa, na hilo ndilo linaloudhi kuliko yote.

Tena 1631 Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, aliitwaa ngome hiyo hiyo kutokea ndani, akamuua kapteni wa Kireno. Mwaka 1632 Wareno wakaja na merikebu na mizinga yao, wakashindwa kumtoa.

Ulaya nako ni vivyo hivyo. Breda, mji wa Uholanzi, ulisalimu amri 1625 kwa njaa. Candia, mji wenye ngome kule kisiwa cha Krete, uliwashughulisha Waturuki waliouzingira miaka 21, 1648 hadi 1669, na mizinga wanayo.

Anayebisha aje na hesabu: chakula cha miezi mingapi, maji kiasi gani, baruti mapipa mangapi, na upepo ulikuwa upi.