Wakuu, sera za biashara ya kimataifa zinalipa au nibaki bandarini?

Habari zenu wakuu. Nina digrii ya uchumi, miaka miwili nipo kampuni ya kliaringi (kutoa mizigo bandarini) hapa Dar, kazi yangu ni kukimbizana na makaratasi, bosi kuchelewesha mshahara ndo kawaida yake. Nataka niingie kwenye sera, yale mambo ya EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki), SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), soko huru la Afrika. Naanzia wapi?

Jibu 1
Mkuu usidharau hayo makaratasi. Wengi wanaoandika sera hawajawahi kuona kontena limekwama kisa cheti cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani) kimekosewa, we unaijua hiyo shughuli kwa mikono yako. Pia sisi tupo EAC na SADC kwa pamoja ila COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) tulitoka 2000, sasa mzigo wa Zambia unaopita mpakani Tunduma unafuata utaratibu upi? Ukiweza kulielezea hilo vizuri kwenye usaili umewaacha wenzio mbali. WTO (Shirika la Biashara Duniani) wana kozi za bure mtandaoni, anza nazo leo.

Jibu 2
Sekretarieti ya AfCFTA (hilo soko huru la Afrika) iko Accra, Ghana, EAC iko Arusha, kwahiyo kama hutaki kuhama Dar sahau kidogo 😂

Jibu 3
Mi ningeenda upande wa miundombinu. Bandari, reli ya SGR, mifumo ya forodha, huko wanatafuta mtu anayejua mzigo unavyotembea kuanzia melini mpaka mpakani.

Muuliza swali
Asanteni sana, hilo la Tunduma limenigusa, kesho tu nina lori linaelekea huko