Mrejesho: namba za DX7 kwenye kompyuta sasa zinalingana na za kinanda

Wakuu, salaam kutoka Nkuhungu, Dodoma. Niliuliza kwa nini programu ya kuhariri sauti za Yamaha DX7 inaonyesha ditiuni (kupotosha sauti kidogo juu au chini) 0 hadi 14, wakati kioo cha kinanda chenyewe kinasoma -7 hadi +7. Limeisha.

Aliyenijibu kwamba nisiguse kiwango cha chini wala cha juu cha thamani kwenye programu alipiga penyewe. Baiti ya data ya MIDI (lugha ambayo kompyuta na kinanda huwasiliana) inabeba 0 hadi 127 tu, hasi haipiti. Kinachobadilishwa ni onyesho peke yake: nimeweka "toa 7", basi 7 inasomeka 0, na kinanda kinaendelea kupokea 7 ileile. Algorithimu (namba ya mpangilio wa vyanzo vya sauti) nimeongeza 1, kwa kuwa ndani zinaanzia 0 ilhali kioo kinaanzia 1.

Iliyonitoa jasho ni frikwensi (kizidisho cha mtetemo wa sauti). Pale 0 ni 0.50, halafu 1 ni 1.00, 2 ni 2.00, kwa hiyo kujumlisha na kutoa hakusaidii. Ikabidi niandike orodha, thamani mojamoja hadi 31. Inachosha kweli! Ila sasa mpiga kinanda wa kwaya akinisomea namba, naikuta hiyohiyo kwenye skrini.

Imebaki transpozi (kupandisha au kushusha kinanda kizima), ambako 24 inatakiwa isomeke kwa jina la noti, C3. Mwenye orodha tayari aitupie hapa.