Mdogo wangu kafyatulia wezi risasi Texas, sasa anaambiwa akiri kosa wamalize. Akubali?

Binti wa Chumbageni
Wakuu habari za saa hizi, naombeni mnivumilie ni ndefu kidogo ila hapa nyumbani hatulali. Mdogo wangu alishinda lotari ya grini kadi akaingia Marekani miaka mitatu na nusu iliyopita, yuko Texas anaendesha malori. Juzi kati hapa saa tisa usiku kasikia kioo cha gari yake kinavunjwa kwenye pakingi ya apatimenti, akatoka na bastola (anayo kihalali kabisa), kamkuta kijana kainamia ndani ya gari, yule kumuona tu akatimua mbio akarukia gari ya mwenzake iliyokuwa inamsubiri, mdogo wangu akafyatua moja, anasema alilenga tairi. Hakuna aliyeumia. Yeye mwenyewe ndo akapiga 911, polisi wakaja akawaeleza kila kitu mwanzo mwisho, wakamfunga pingu yeye! Wezi hawajaonekana mpaka leo.

Katoka kwa dhamana. Kashtakiwa kosa ambalo kifungo chake ni miaka 2 mpaka 10. Sasa wakili aliyepewa na mahakama anamwambia mwendesha mashtaka yuko tayari kulishusha liwe kosa dogo, klasi A, akiri, awekwe chini ya uangalizi mwaka mmoja, akimaliza vizuri kesi inafutwa, hahesabiki kuwa ametiwa hatiani. Jibu linatakiwa alhamisi. Baba anataka kuuza kiwanja amtafutie wakili mwingine, mama anasema akubali tu yaishe. Nyie mnaoijua huko mnasemaje?

Chuma Chakavu
Asikubali chochote. Texas mwizi akiingia kwako unamlaza na sheria inakupigia makofi, kule sio Bongo. Huyo wakili wa bure ni mvivu tu anataka apunguze mafaili.

Msukuma Ughaibuni
@Chuma Chakavu hizi ndo stori zinazowafunga watu. Mimi niko Texas mwaka wa 14, darasa la silaha nimekaa. Ni kweli sheria ya hapa imelegea kuliko majimbo mengi, tangu 2007 hulazimiki kukimbia kwanza kabla ya kujitetea kama upo mahali una haki ya kuwepo na hukuanza wewe ugomvi. Hata risasi kwa ajili ya mali tu inaruhusiwa, kifungu 9.42, jambo ambalo majimbo mengi halipo. Lakini kisome chote bwana. Iwe unazuia uchomaji moto, uvunjaji, unyang'anyi, wizi wa usiku au uharibifu wa usiku, au jamaa ndo anakimbia NA MALI YAKO mkononi, na juu ya hapo uwe unaamini kwa sababu za msingi kwamba hakuna namna nyingine ya kuilinda au kuirudisha, au kwamba kutumia nguvu ndogo kungekuweka kwenye hatari ya kufa au kuumia vibaya.

Sasa dada, swali moja. Yule kijana aliondoka na kitu?

Binti wa Chumbageni
Hapana. Begi la kazini aliliangusha pale pale chini wakati anakimbia.

Msukuma Ughaibuni
Basi hapo ndo shida ilipo. Mwizi anayekimbia mikono mitupu kwa sheria ni mtu anayekimbia tu. Na hiyo ya kulenga tairi haimsaidii, kosa lenyewe ni kufyatua kuelekea gari bila kujali kama kuna mtu ndani, na yeye alijua wamo. Angeitoa tu bastola kumtisha bila kufyatua, kuna kifungu 9.04 kinasema kuonyesha silaha ili mtu aogope peke yake hakuhesabiwi kuwa nguvu ya kuua, angekuwa na hoja nzuri sana. Risasi ndo iliyoharibu.

mpiga_soga
Kwa hiyo mwizi anavunja gari akikamatwa ni nini? Maana naona mwenye gari ndo anaenda jela

Msukuma Ughaibuni
Kuvunja gari mara ya kwanza ni klasi A, kifungo kisichozidi mwaka mmoja na faini hadi dola 4,000. Kufyatua ni feloni, yaani kosa kubwa, ya daraja la tatu, miaka 2 hadi 10 na faini hadi 10,000. Ndio, imekaa vibaya.

Mama Mkalimani
Dada Binti, mimi natafsiri mahakamani huku miaka mingi, sio wakili, ila naomba usome hapa taratibu kabla mdogo wako hajasaini. Wote mnazungumzia jela. Jela sio hatari yake kubwa, hatari ni grini kadi.

Hicho wanachompa kwa jimbo la Texas kweli hahesabiki ametiwa hatiani. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu na yenyewe haijali Texas wanaitaje, ukishakiri na hakimu akakupa masharti yoyote, kwao umehukumiwa. Halafu hilo kosa la klasi A analotaka kushushiwa, kama ndo lile la kuhatarisha maisha kwa uzembe, baraza la rufaa la uhamiaji 2015 lilishasema linaingia kwenye kundi ambalo uhamiaji wanaliita makosa ya uovu wa maadili. Mtu akifanya kosa la aina hiyo ndani ya miaka mitano tangu aingie, na kosa lenyewe linaweza kubeba mwaka mmoja, anaweza kurudishwa kwao. Klasi A ni mwaka mmoja kamili. Yeye ana mitatu na nusu. Umeona inavyokaa?

Klasi B, iliyo chini yake, mwisho ni jela siku 180, ingemvusha hapo, ila makosa ya bunduki yana mtego wake peke yake kwenye uhamiaji, kwa hiyo wasihangaike kubahatisha, wamtafute wakili wa UHAMIAJI azungumze na huyu wa jinai. Kuna na mpango wa kumaliza kesi bila kukiri kabisa, waulize kama ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti yao inao.

Na wakili wake ana wajibu wa kumwambia haya. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 2010, kesi ya Padilla, naye alikuwa dereva wa malori mwenye grini kadi, wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi kakaa nchini muda mrefu.

Mwisho, futa maelezo ya risasi hapo juu. Waendesha mashtaka nao wana intaneti.

Chuma Chakavu
Duh. Mama nimekaa chini.

Binti wa Chumbageni
Mama Mkalimani Mungu akubariki, nimemtumia yote. Kamuuliza yule wakili kuhusu grini kadi, kajibiwa "hiyo sio kazi yangu". Wa uhamiaji amepatikana, ana miadi kesho, na ataomba hakimu asogeze tarehe. Baba nimemwambia kiwanja asikiuze kwanza, kaniuliza hicho kioo cha gari kilikuwa bei gani. Dola mia mbili na kitu.