Kikundi: UKOO WA MZEE MFAUME 🌙

06:05 Dada Mwaju: Asalaam alaykum. Nakumbusha tena nauli ya Side. Kliniki Muhimbili anatakiwa kila siku, hata sikukuu. Dawa yake ya kuachia unga, methadoni, anainywa pale pale dirishani, bado hajaruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Kutoka Chanika ni gari mbili, kwenda na kurudi 3,000. Mwezi 90,000. Tumetoa mimi na Mama Zuhura tu.

06:40 Dada Mwaju: Naona mmesoma.

09:38 Kaka Hamisi: Methadoni si ulevi mwingine tu? Tena teja hapewi hela mkononi.

09:41 Dada Mwaju: Hapana kaka. Inazuia arosto, yale maumivu ya kukosa unga, mchana na usiku, ndiyo maana hatafuti tena sindano. Muhimbili wanaitoa tangu 2011. Akikosa siku tatu mfululizo wanamshusha dozi, anaanza tena kupandishwa. Wiki iliyopita alikosa mbili. Juzi katoka saa tisa usiku kwa miguu, akaishia Gongo la Mboto.

10:15 Juma Mdogo: Kwa miguu?? Huyo Yanga wamsajili 😂

10:15 Zuhura: 😂😂

10:16 Juma Mdogo: Angevaa jezi ya Simba asingefika hata Pugu

10:20 Dada Mwaju: Jamani, nauli. Na neno teja liacheni. Side yumo humu, anasoma.

12:02 Kaka Hamisi: Na cherehani ya mama nayo tuiache?

12:03 Dada Mwaju: Aliiuza, nani anabisha? Na ile kamba aliyofungwa Side kule Kilosa, nani aliifunga?

12:04 Kaka Hamisi: Ujumbe huu umefutwa

16:31 Bibi: 🎤 0:48

16:39 Zuhura: Naandika ya Bibi kwa wasio na bando. "Cherehani ilikuwa yangu, si ya Hamisi. Nilishasamehe. Huyo mnayemwita teja nimemzaa mimi. Siku hizi akitoka kliniki anakula, anasali, ananichotea maji. Miaka mingapi sijachotewa maji? Kama hela hamna semeni, niuze mbuzi."

19:50 Juma Mdogo: Shangazi, nimetuma 10,000. Nisamehe kwa utani wa asubuhi.

20:22 Kaka Hamisi: Mbuzi asiuzwe.

20:23 Dada Mwaju: Sawa kaka. Wewe niandike ngapi?

21:47 Dada Mwaju: Hamisi?

21:55 Side: Shikamoo mama. Shikamooni wote.

21:58 Dada Mwaju: Marahaba mdogo wangu. Hela ya Juma inakutosha siku tatu, pitia kwangu alfajiri. Za kuanzia Ijumaa bado nazitafuta.