Bonanza la beisiboli: ninunue saa ya kurusha, nichukue mkimbiaji wa bure, au rufaa? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Kocha_Mbagala
Wakuu, salaam. Tunaandaa bonanza la vijana la siku mbili, na mwaka jana mechi zilituharibia ratiba. Fainali iliisha giza limeshaingia, mpira ukipigwa juu hauonekani. Safari hii kamati imenikabidhi kazi ya kuchagua sheria ya kubana muda, na tumekubaliana tuige kitu kimoja kutoka Ligi Kuu ya Marekani. Nina njia tatu:

Saa ya kurusha, kama waliyoanza nayo 2023. Mrushaji ana sekunde 15 za kuurusha mpira beisi zikiwa tupu, na kukiwa na mkimbiaji anaongezewa kidogo.

Mkimbiaji wa bure: mechi ikiwa sare na kuingia iningi (zamu za kupiga) za nyongeza, kila timu inaanza zamu ikiwa na mchezaji ameshawekwa beisi ya pili.

Rufaa, hii ya msimu wa 2026, mchezaji kupinga uamuzi wa mwamuzi kuhusu mpira uliorushwa. Kamera hatuna, ila vijana wameing'ang'ania. Tungeifanya kwa waamuzi wawili kushauriana.

Hela iliyopo inatosha kununua saa moja ya ubao yenye tarakimu kubwa, na hapo tumemaliza. Nikiiacha saa, hela inahamia kwenye vifaa vingine. Mnashaurije?

Shemeji_wa_Ilala
Kocha, umetuita kupima nguo bila kutuonyesha mwenye kuivaa. Vijana wana umri gani? Timu ngapi, viwanja vingapi? Mnacheza iningi ngapi? Na fainali ilichelewa kwa sababu ya sare au kwa sababu ya kuzubaa? Mkimbiaji wa bure anasaidia mechi zilizofungana tu. Kama mwaka jana hamkuwa na sare, hiyo sheria haikuokolei hata dakika moja.

Mswahili_Houston
Chukua saa, mkuu, usifikirie mara mbili. Mimi naishi huku na naenda uwanjani kila msimu. Mwaka 2022 mechi ya iningi tisa ilikuwa inachukua saa tatu na dakika kadhaa kwa wastani. Saa ilipoingia 2023, wastani ukashuka mpaka kama saa mbili na dakika 40. Hakuna mtu aliyepunguziwa hata rusho moja. Walichokata ni kule kutembeatembea, kufungua na kufunga glovu, kuangalia mawingu.

Na uzuri wake inawabana wote wawili. Zikibaki sekunde 8 mpigaji awe ameshasimama anamtazama mrushaji, la sivyo anaandikiwa straiki, alama dhidi yake. Mrushaji akichelewa anaandikiwa boli, alama dhidi ya mrushaji. Tena mrushaji anaruhusiwa kuacha kumrushia mpigaji ili kumtishia mkimbiaji aliye kwenye beisi mara mbili tu. Ya tatu asipomtoa, mkimbiaji anasogea beisi moja. Wakaongeza na ukubwa wa beisi, kutoka inchi 15 hadi 18. Matokeo yake wizi wa beisi (mkimbiaji kuchomoka kwenda beisi inayofuata kabla mpira haujapigwa) uliruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Mchezo umerudi kuwa wa mbio. Kwa vijana wenye miguu myepesi kama wa kwetu hii ni zawadi.

Kocha_Mbagala
Shukrani. Shemeji, umri ni miaka 13 hadi 17. Uwanja mmoja. Mwaka jana timu zilikuwa 4, mwaka huu 6. Sare ilitokea mara moja tu.

Houston, hizo sekunde za kukiwa na mkimbiaji ni 20 au 18? Nimeona zote mbili.

Mswahili_Houston
Zilianza 20, msimu wa 2024 wakazipunguza kuwa 18. Beisi zikiwa tupu ni 15 mpaka leo.

Neema_Kecha
Kaka zangu, naomba mnisikilize kuhusu hiyo saa, maana mimi nilikuwa kecha, nadaka nyuma ya mpigaji, siku tulipoijaribu.

Ilikuwa bonanza la mkoa mmoja, sitautaja. Waliazima saa ya ubao kutoka ukumbi wa mpira wa kikapu, wakavuta waya mrefu kutoka ofisi ya shule na kuupitisha nyuma ya benchi. Anayeibonyeza ni kijana wa kujitolea, hajawahi kucheza beisiboli. Hajui aianze lini: mrushaji anapoupokea mpira, au mwamuzi anaposema twende? Kila upande una jibu lake. Iningi ya kwanza tulisimama mara nne kubishana. Iningi ya tatu umeme ukakatika. Mwamuzi akasema basi tutumie simu, mtu asimame pembeni ahesabu kwa sauti. Kilichofuata, mashabiki wa timu pinzani wakaanza kuhesabu nao, tena kwa haraka kuliko simu yenyewe.

Mrushaji wangu alikuwa na miaka 14. Mtoto mtulivu, mwenye mkono mzuri, ila akisikia "tano, nne, tatu" anakosa pumzi. Nilimpa ishara ya mpira wa nje, mbali na mpigaji, yeye hakuimalizia kuiona, akarusha tu ili amalize. Mpira ulikwenda moja kwa moja kichwani kwa mpigaji. Na yule mpigaji alikuwa amevaa helmeti ya mtu mzima, imemlegea, ikageuka. Mpira ukamkuta juu ya sikio. Alianguka nikiwa hatua mbili kutoka kwake. Tulikimbizana naye hospitali kwa bajaji. Alipona, nashukuru Mungu. Lakini mrushaji wangu hakurudi kwenye kilima cha kurushia msimu mzima, na mimi mpaka leo nikisikia watu wanahesabu kurudi nyuma moyo unashtuka.

Warushaji wa Marekani walizoeshwa saa miaka kadhaa kwenye ligi ndogo kabla haijapandishwa juu. Sisi tunataka kuwakabidhi watoto Jumamosi asubuhi. Kocha, nakuuliza: helmeti za wapigaji mnazo ngapi, na zinawatosha?

Mzee_wa_Upanga
Pole sana binti yangu. Na pole kwa yule kijana.

Mimi nitazungumzia njia ya pili, maana naona mnaipita kama haina ubaya. Mkimbiaji wa bure ni kumpa mtu alichokuwa hajakitolea jasho. Waliianzisha 2020 wakati wa korona ili wachezaji wasikae uwanjani muda mrefu, 2023 wakaifanya ya kudumu. Lakini angalieni: kwenye mechi za mtoano hawaitumii! Kama ingekuwa haki, wangeitumia kwenye fainali.

Oktoba 2025, mechi ya tatu ya fainali ya ligi hiyo ya Marekani, Dodgers na Blue Jays. Niliamka saa tisa usiku kuiangalia. Adhana ya alfajiri ikaadhiniwa, nikaswali nikarudi, mechi inaendelea. Wajukuu wakanywa chai wakaenda shule. Iningi ya tisa sare. Ya kumi na mbili, sare. Wajukuu wakanywa chai wakaenda shule. Iningi ya 18, Freddie Freeman akaupiga mpira nje ya uwanja, 6 kwa 5, na saa yangu ya ukutani inaelekea saa nne asubuhi. Zaidi ya saa sita na nusu. Nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi. Mngeweka mkimbiaji wa bure, mechi ile ingeisha mapema na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Lugazi12
Mzee, nakuheshimu, na mechi hiyo niliiona pia. Lakini usiku ule Will Klein, mrushaji wa Dodgers, alirusha iningi nne, marusho 72, kwa sababu benchi la warushaji lilikuwa limekauka. Na mwenzake Yamamoto, aliyekuwa amerusha mechi nzima siku mbili kabla, akaanza kupasha mwili ili aingie iningi ya 19. Hao ni watu wazima wenye madaktari. Ukimfanyia hivyo kijana wa miaka 13 umemvunja kiwiko.

Kocha, mimi nimecheza Uganda, nimekulia karibu na Lugazi. Timu ya watoto wa pale ilikwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya beisiboli ya watoto, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika kucheza kule. Mwaka mmoja kabla yake wenzao walifuzu wakakosa viza. Tulichojifunza mapema ni hesabu ya marusho, na ndiyo ninayoiona imekosekana kwenye orodha yako. Little League wana kikomo cha siku: miaka 13 hadi 16 ni marusho 95. Mtoto wa miaka 14 kushuka chini akifikisha 66, anapumzika siku nne. Siku nne! Bonanza lako ni la siku mbili. Maana yake mrushaji wako mzuri akirusha mechi nzima Jumamosi, Jumapili anakaa benchi.

Weka kikomo hicho kwanza, ndipo tuzungumze saa.

Mzee_wa_Upanga
Hapo kwenye viungo vya watoto nakubali, sina ubishi. Wajapani nao walikuwa wagumu kama mimi, lakini Koshien, mashindano yao ya shule za sekondari, walianza kuweka wakimbiaji wawili kwenye mechi za sare mwaka 2018, kuanzia iningi ya 13, na 2023 wakashusha hadi ya kumi. Ila mimi bado kwa watu wazima sikubali.

Nairobi_Shortstop
Niaje watu wa nguvu. Kocha, mbona usibadilishe mchezo wenyewe? Baseball5. Wachezaji watano kila upande, iningi tano, mpira wa raba, hakuna mrushaji, hakuna gongo, hakuna glovu. Unaupiga kwa mkono. Uwanja wa mita 21 tu, kwa hivyo kwenye uwanja wako mmoja unachora vitatu na mechi zote zinaisha mchana. Na uko kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, wavulana na wasichana timu moja. Pesa ya saa inanunua mipira ya mwaka mzima.

Mswahili_Houston
Ndugu, kocha ameuliza habari ya beisiboli, wewe unampa rede.

Nairobi_Shortstop
Rede imewafunza wasichana wengi wa hapa kukwepa na kurusha kuliko akademia yoyote. Mimi siioni kama tusi. Na huo mchezo unasimamiwa na shirikisho lile lile la dunia.

Shemeji_wa_Ilala
Turudi kwenye hoja. Rufaa mbona hakuna anayeigusa? Kule mpigaji, mrushaji au kecha tu ndiye anayegusa kofia yake kuomba, papo hapo, bila kusaidiwa na benchi. Kila timu ina rufaa mbili, ukishinda unabaki nayo. Majaribio ya mechi za maandalizi 2025, zaidi kidogo ya nusu ya rufaa zilishinda. Kwa hiyo waamuzi wanakosea kweli.

Neema_Kecha
Wanakosea kwenye zile ambazo mchezaji ameshazitilia shaka, shemeji. Haina maana nusu ya maamuzi yote ni makosa. Na kule ni kamera, eneo la straiki, pale mpira unapotakiwa kupita, limepimwa kwa urefu wa kila mpigaji, juu asilimia 53.5, chini asilimia 27. Ninyi mtapima kwa nini? Mwamuzi wa pili yuko nyuma ya beisi ya kwanza, hajaona mpira ulipopita. Anamkatalia mwenzake kwa ushahidi gani? Hiyo itawaongezea muda na ugomvi.

Nakiri na mimi nina maslahi. Kazi ya kecha ni kuudaka mpira wa pembeni kwa utulivu mpaka uonekane straiki. Nimeisomea miaka. Mashine inaniambia kazi hiyo ni udanganyifu, na inaniuma.

Lugazi12
Si udanganyifu dada. Ni mikono.

Mswahili_Houston
Na mjiandae, yanakuja mengine. Mwishoni mwa 2024 kamishna wa ligi Rob Manfred alizungumzia wazo la kocha kumpandisha mpigaji wake bora mara moja kwenye mechi hata kama si zamu yake. Lilipigiwa kelele, halijapita, na mimi silitaki hata kulisikia. Kinachonitia hofu zaidi ni mkataba wa wachezaji unaokwisha tarehe 1 Desemba 2026. Wamiliki wanataka kikomo cha mishahara, chama cha wachezaji kimekikataa miaka yote. Mgomo wa 1994 ulifuta fainali kabisa. Tunabishana sekunde 15 na huenda msimu wa 2027 ukachelewa wote.

Mzee_wa_Upanga
Hapo kwenye kikomo cha mishahara tuna mjadala mrefu, Houston. Timu ndogo zitaishije ikiwa Dodgers wananunua kila anayerusha?

Mswahili_Houston
Mzee, fungua uzi wake, nakuja.

Shemeji_wa_Ilala
Kocha bado hajajibu swali langu moja. Iningi ngapi?

Kocha_Mbagala
Samahani wakuu, nilikuwa shambani. Tunacheza tisa.

Shemeji_wa_Ilala
TISA? Watoto wa miaka 13?

Lugazi12
Kocha, hiyo ndiyo saa yako. Cheza saba, wadogo cheza sita. Umeshaokoa karibu robo ya muda bila kununua kitu. Piga hesabu: timu 6, makundi mawili ya timu tatu, ni mechi 6, nusu fainali mbili, fainali moja. Mechi 9 uwanja mmoja siku mbili. Kwa iningi tisa hata saa ya Marekani haikutoshi.

Mswahili_Houston
Saba pamoja na saa ndiyo bora zaidi.

Kocha_Mbagala
Hesabu nimeiona na imenishtua. Tatizo, wenzangu kwenye kamati wanasema iningi saba si beisiboli kamili, na wazazi wamechanga wakiahidiwa mechi kamili. Nitalipeleka Ijumaa, sijui kama litapita. Kuhusu marusho nitasimama mwenyewe, hilo sitalirudisha nyuma. Saa bado inanivuta, sitaficha.

Nairobi_Shortstop
Na Jumapili mchana, timu zilizotolewa zicheze Baseball5 pembeni. Fikiria tu.

Neema_Kecha
Kocha, helmeti. Ngapi, na saizi gani? Nimeuliza tangu jana.