Mrejesho: kichwa cha treni kilichokuwa kikiteleza mlimani

Wakuu, niliuliza kwa nini kichwa changu cha treni ndogo ya kuchezea ya HO (kipimo cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi) kinazungusha magurudumu bure kikifika kwenye mwinuko na mabehewa manane. Aliyesema niongeze risasi (ile metali nzito) ndani yake alipatia, ila mahali pa kuiweka ndipo penye kazi. Ilipokaa mbele, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuteleza. Nilipoisogeza hadi uzito ukaegemea katikati ya magurudumu yanayoendeshwa, kikapanda bila kusita. Raba za kuvisha magurudumu nimeachana nazo, zinashika kweli, lakini gurudumu lenye raba halichukui umeme vizuri kwenye reli. Kisha nikakizuia kwa mkono, umeme ukiwa juu: magurudumu bado yanateleza, mota haikwami. Uzito ukizidi, magurudumu yatang'ang'ania na mota inaweza kukwama na kuungua, kwa hiyo siongezi tena. Gia sasa zinalia kidogo. Hilo ni swali jingine.